Shanta Hufungwa kwa Ajili ya Kusimama

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanakikundi wetu wa kupanda milima kabla ya safari. Tunaiweka yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, vijana hamjambo. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka kazini moja kwa moja.

Nimeombwa niseme juu ya vitu vya kubeba tunapokwenda mlimani wakati ambao hali ya hewa haitabiriki. Naona wengi mmekuja na kalamu, mkitarajia niwasomee orodha: hiki kimoja, kile viwili, basi, tukalale. Orodha zipo tele, na nyingine ni nzuri. Kasoro yake ni moja. Mtu akiwa na haraka huanza kufuta, na anapofuta hajui anachokifuta. Anafika kwenye koti la mvua, anachungulia dirishani, anaona jua, anafuta. Anafika kwenye tochi, anajiambia tutarudi mapema, anafuta. Kwa hiyo leo vitu vitasubiri kidogo. Ninaanza na swali.

Unapofunga shanta lako, unamfungia nani?

Wengi wetu humfungia mtu anayetembea. Tunajiona tukipanda, tunatoka jasho, tunapiga picha, na tunauliza: nitahitaji nini nikiwa katika hali hiyo? Jibu ni kwamba hutahitaji mengi. Mwili wa mtu aliyekaa kitini hutoa joto la wati 100 hivi. Mwili huohuo ukipanda mteremko mkali na mzigo mgongoni hutoa mara nne au tano ya hapo. Mpanda mlima anayetembea ni jiko lenye kuni. Anaweza kuvaa shati jepesi kwenye baridi inayomtetemesha aliyesimama kando, na asisikie kitu.

Sasa mwambie asimame. Mwenzake ameteguka kifundo cha mguu. Au ukungu umeshuka na njia haionekani. Au mmoja yuko nyuma na inabidi asubiriwe. Kuni zimetoka jikoni, lakini jasho bado liko mgongoni na upepo haujasimama. Huyu ndiye mtu unayemfungia shanta. Nasema, na nitarudia mpaka mnichoke: shanta halifungwi kwa ajili ya kutembea. Shanta hufungwa kwa ajili ya kusimama.

Tuanze na hali ya hewa yenyewe, kwa sababu watu husema imebadilika ghafla, kama kwamba imetuvizia. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Huko juu, ndugu zangu, mara nyingi mawingu na mvua hufika pamoja, na wewe uko ndani yake. Hewa inayosukumwa na upepo ikikutana na mlima haina pa kwenda ila juu, ikipanda inapoa, ikipoa, mvuke uliomo unageuka matone. Mlima unajitengenezea mawingu yake wakati bondeni watu wanaanika nguo. Ndiyo maana utabiri wa mji ulio chini ya mlima hautoshi. Tafuteni utabiri unaotaja kimo, na mkiusoma, someni upepo kabla ya mvua.

Kwa nini upepo kwanza? Chukueni hesabu hii. Kwa wastani joto hupungua nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Tuseme mnaanza chini kukiwa na nyuzijoto 12, asubuhi nzuri, sweta moja linatosha. Mita 1,000 juu yake ni nyuzijoto 5 na nusu. Bado si kitu cha kuogopesha. Sasa ongezeni upepo wa kilomita 40 kwa saa, ambao kwenye mgongo wa mlima ni upepo wa kawaida kabisa. Ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzijoto sifuri, na hapo hata tone moja la mvua halijadondoka.

Niwape kisa ambacho kila mpanda mlima anapaswa kukijua. Tarehe 22 Mei 2021, katika mkoa wa Gansu nchini China, kulikuwa na mbio za milimani za kilomita 100. Walioanza walikuwa 172. Hawakuwa watu wa kubahatisha. Miongoni mwao alikuwamo Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji mashuhuri wa masafa marefu nchini humo. Wengi walivaa fulana na kaptula. Koti la kukinga upepo halikuwa kifaa cha lazima, lilipendekezwa tu. Mchana, wakiwa kwenye sehemu ya kupanda ambayo gari halifiki, hali ikageuka: mvua baridi, mvua ya mawe, upepo wa kumwangusha mtu. Waliokufa walikuwa 21, na Liang Jing akiwa mmoja wao.

Jiulizeni: watu hawa walipungukiwa na nini? Pumzi walikuwa nayo kuliko sote humu ndani. Mazoezi walikuwa nayo. Walichopungukiwa ni kitu chenye uzito wa gramu 300 au 400. Na mimi nataka mtazame upande wa pili wa kisa. Mchungaji mmoja wa kondoo, aliyekuwa amejikinga kwenye pango, aliokoa sita. Aliwatoa kwenye upepo, akawasha moto, akawafunika kwa matandiko makavu. Kukinga upepo, ukavu, joto. Ukitaka kujua shanta lako linapaswa kuwa na nini, tazama alichokuwa nacho mchungaji yule pangoni, kisha utafute namna ya kukibeba mgongoni.

Basi koti. Liwe na kofia yake inayokazwa kwa kamba, ukingo wa mbele uwe mgumu kidogo usikufunike macho. Mishono iwe imezibwa kwa utepe ndani. Liwe pana, livalike juu ya nguo zote ulizonazo. Koti linalokukaa vizuri dukani ukiwa na shati tu litakubana mlimani. Na suruali ya mvua, tafadhali, ambayo zipu zake zinafunguka kutoka chini ili uivae bila kuvua buti. Watu hununua koti la bei kubwa na kusahau kwamba kuanzia kiunoni kwenda chini ni nusu ya mwili. Mwavuli uacheni nyumbani. Lile vazi la mvua lisilo na mikono, linalojifungua kama tanga, linafaa msituni penye mvua ya kunyooka. Kwenye kilele chenye upepo linakuwa adui.

Mtu ataniuliza habari ya makoti yanayopumua. Mwaka 1823 Charles Macintosh alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kitambaa chenye mpira katikati. Maji hayakupita, lakini na jasho nalo halikupita. Mwaka 1969 Robert Gore akavuta ghafla aina ya plastiki iliyokuwa ya moto, ikawa utando wenye vitundu vidogo sana: tone la maji ni kubwa mno kupita, mvuke unapita. Ni uvumbuzi mkubwa, siupingi. Ila msidanganyike. Ukipanda kwa kasi, jasho lako linaushinda utando wowote, na kitambaa cha nje kikilowa chepechepe mvuke unatoka kwa shida zaidi. Koti bora halimwondolei mtu kazi ya kupunguza mwendo na kufungua zipu.

Na hapo nafika kwenye jambo la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko mvua. Ni maji yanayotoka ndani.

Mwezi Machi 1964, huko Uingereza, katika milima ya Peak District ambayo si mirefu hata kidogo, vijana wa skauti walikuwa kwenye mashindano ya kutembea. Ilinyesha, upepo ukavuma. Watatu wakafa. Mwanafiziolojia, yaani mtaalamu wa namna mwili unavyofanya kazi, Griffith Pugh, aliyekuwa kwenye msafara wa Everest wa mwaka 1953, alilichunguza tukio lile, na akaendelea kupima nguo za namna ile maabarani: zikiwa kavu zinafanyaje, zikilowa na kupigwa upepo zinafanyaje. Alichoonyesha ni kwamba nguo ikilowa na kupigwa upepo hupoteza sehemu kubwa sana ya uwezo wake wa kutunza joto, na kwamba kijana mwenye nguvu, akishachoka kiasi cha kushindwa kuendelea na mwendo wake, mwili hauwezi tena kuziba pengo hilo. Hakuhitaji theluji wala barafu kulieleza. Kulowa, upepo na uchovu vilitosha.

Kwa nini kulowa kuna nguvu hivyo? Kwanza, maji hupitisha joto mara 25 hivi zaidi ya hewa tulivu, na nguo haifanyi kazi nyingine ila kuishika hewa tulivu karibu na ngozi. Pili, maji yanapokauka mwilini yanachukua joto. Lita moja ya jasho, ikikauka yote juu ya ngozi, inaondoka na joto ambalo mwili uliokaa kitini ungelitengeneza kwa zaidi ya saa 6. Ukipanda, hiyo ni neema. Ukisimama, ni wizi.

Ndiyo maana tunaipiga vita pamba. Pamba ni nguo nzuri, mimi nimevaa pamba sasa hivi, lakini inakunywa maji na haiachii. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote: ikilowa inakuwa nzito, inagandamana na paja, na haikauki mpaka kesho. Karibu na ngozi vaa sufu nyembamba au poliesta. Juu yake sweta jepesi la poliesta yenye manyoya, au la sufu. Juu yake, upepo ukija, koti. Nguo tatu nyepesi zina faida juu ya moja nzito: unaweza kuvua moja. Na kuvua ni ustadi wenyewe. Anzeni safari mkiwa mnasikia baridi kidogo. Anayeanza akiwa na joto zuri, baada ya robo saa analowa jasho, na jasho hilo atalilipia juu.

Hilo la kusimama dakika mbili kuvua sweta, watu wanalionea aibu. Hawataki kuwachelewesha wenzao. Kiongozi mzuri, na hapa nasema na viongozi wa makundi, husimamisha kundi zima dakika 10 au 15 baada ya kuanza, bila kuombwa, kusudi kila mtu avue. Na husimamisha tena kabla ya kutoka kwenye miti au nyuma ya mwamba kuingia kwenye upepo, kusudi kila mtu avae. Kabla. Ukishatoka, koti linakuwa bendera mkononi.

Sasa tuje kwenye kusimama kwenyewe. Nisikilizeni hapa, maana hiki ndicho ambacho orodha nyingi hukiweka mwishoni kabisa, na ndicho kinachofutwa kwanza.

Joto la ndani ya mwili ni nyuzijoto 37 hivi. Likishuka chini ya 35, hiyo inaitwa haipothemia. Kutoka 37 kwenda 35 ni nyuzi mbili tu. Mtu anaanza kutetemeka. Anakwaa kwaa. Anakuwa mkali bila sababu, au anakuwa kimya yule aliyekuwa mzungumzaji. Maneno yanamtoka kwa kuburuta. Vidole havishiki zipu. Ukimuuliza, anasema niko sawa, twendeni. Jamani, anayesema niko sawa huku hawezi kufunga kifungo chake hayuko sawa! Na kutetemeka kukikoma bila yeye kupata joto, msifurahi. Hapo ndipo pabaya zaidi. Ubaya wa hali hii ni kwamba inaanza na kichwa, kwa hiyo mwenye shida ndiye wa mwisho kujua. Hawezi kutegemewa kufungua shanta lake na kujiamulia.

Kwa hiyo kila shanta liwe na nguo moja ya joto ambayo hutegemei kuivaa. Sweta zito au jaketi lililojazwa, kubwa kiasi cha kuvaliwa juu ya kila kitu, hata juu ya koti la mvua. Unaivaa unaposimama, si baada ya kuanza kusikia baridi. Ukiinuka kuondoka, unaivua. Akiba haiozi, na hii ndiyo akiba yenyewe. Jaketi la manyoya ya bata ni jepesi na lina joto kuliko yote, lakini likilowa linajikunja na kuwa kama tambara. Penye mvua mvua, lenye nyuzi za poliesta ni la kuaminika zaidi, ingawa linachukua nafasi.

Halafu mfuko. Nasema mfuko mkubwa wa plastiki nene, wa rangi kali, ambao mtu mzima anaingia mzima mzima na buti zake. Hauna uzuri wowote. Haupumui, utatoa jasho ndani yake. Lakini upepo haupiti, na mvua haipiti. Wapo wanaobeba lile karatasi la kung'aa la dharura linaloingia kwenye mfuko wa shati. Ni jepesi, kweli, nalo lina kazi yake mahali pasipo upepo. Lakini kule Gansu manusura walieleza jinsi upepo ulivyoyachana makaratasi hayo vipande vipande. Mkitaka la kung'aa, basi liwe lile lililoshonwa kama mfuko.

Kwa kundi kuna kitu bora zaidi, na natamani tusiende tena popote bila hicho: hema lisilo na nguzo. Ni kitambaa kikubwa chepesi cha nailoni. Watu wanne au sita wanajifunika kwa pamoja, wanakalia pindo zake, migongo yao ndiyo inayolisimamisha. Dakika chache tu na ndani panakuwa na joto la kushangaza, kwa sababu kila mmoja mle ni wati 100. Unaweza kula mle, kusoma ramani mle, kumfunga mtu bandeji mle bila kupiga kelele kushinda upepo. Na chini yenu muwe na kitu cha kukalia. Kipande cha mkeka wa sponji, ukubwa wa makalio, hakina hata gramu 100. Ardhi baridi hunyonya joto kupitia makalio kuliko mnavyodhani. Mkikosa kabisa, kalieni mashanta.

Mikono na kichwa nitapita haraka. Mmesikia kwamba nusu ya joto la mwili, au asilimia 40, hupotelea kichwani? Si kweli. Kichwa ni kama sehemu ya kumi ya ngozi yote, na hupoteza joto kwa kadiri hiyo hiyo hivi. Zile namba kubwa zilienea kutokana na vipimo vya watu waliofunikwa mwili wote, kichwa kikaachwa wazi. Kofia ya sufu bebeni bado, kwa sababu ndicho kiungo ambacho mara nyingi kimebaki nje. Ila msiidhani ni muujiza. Mikono ndiyo ninayoihofia zaidi. Mwili ukipoa, wa kwanza kunyimwa damu ni vidole, na vidole ndivyo vinavyofungua zipu, chupa, ramani na simu. Jozi mbili za glavu kwa kila mtu: moja itapeperuka au italowa.

Miguu. Mwaka 1935, kwenye kilele cha Rasica katika milima ya Alps upande wa Italia, wapandaji sita walikufa dhoruba ilipowakuta. Wakati ule watu walipanda sehemu za chini kwa buti nzito zenye misumari, kisha wakifika kwenye mwamba wanabadili na kuvaa viatu vyepesi vyenye soli za kitambaa. Viatu hivyo vilishika mwamba mkavu vizuri sana. Kwenye theluji na barafu havikuwa viatu. Vitale Bramani, aliyekuwa na kundi hilo la safari, alirudi akaanza kutafuta soli moja ya kufaa kote, na mwaka 1937 akapata hataza ya soli ya mpira yenye meno makubwa. Geuzeni buti zenu usiku wa leo. Karibu zote ni wajukuu wa soli ile. Na kama yale meno yamelika yakawa laini, buti hizo sasa ni za kwenda sokoni.

Sijali sana kama ni buti ndefu au viatu vifupi. Wapo wazoefu wa pande zote mbili, na ubishi wao hauishi. Ninachojali ni soli, na kwamba umevitembelea vya kutosha kabla ya siku yenyewe. Soksi za sufu, na jozi nyingine kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Plasta za malengelenge zikae mfukoni, si chini ya shanta, kwa sababu lengelenge hutibiwa linapoanza kuchoma. Ukisubiri mpaka mapumziko, limeshapasuka.

Tunakuja kwenye saa. Mwaka 1892 mpanda mlima wa Scotland, William Naismith, aliandika kanuni ambayo hadi leo inatumika: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Safari ya kilomita 15 yenye kupanda mita 900 ni saa 3 za mwendo na saa 1 na nusu ya mlima. Saa 4 na nusu, bila kupumzika, bila kula, bila picha, kwa mtu mwenye siha njema na hali ya hewa njema. Ongezeni ukungu. Ongezeni mwenzenu mwenye goti linalouma. Mnaona giza linavyoingia kwenye hesabu?

Kwa hiyo tochi ya kichwani, kila mtu na yake. Si tochi ya simu. Simu ikitumika kumulika haitapiga, na mikono yako inahitajika. Betri za akiba ziwe kavu. Baridi hupunguza nguvu ya betri, kwa hiyo simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, ikiwa imezimwa mtandao ili isihangaike kutafuta mawimbi kutwa nzima. Simu ina ramani nzuri, mimi huitumia. Lakini kioo chenye matone ya mvua hakisikii kidole, na kidole chenye glavu nacho vivyo hivyo. Ramani ya karatasi ndani ya mfuko wa plastiki na dira havidai chaji. Dira isipojulikana matumizi yake ni pambo, kwa hiyo atakayehitaji kufundishwa aseme, hakuna atakayemcheka.

Na filimbi. Milio 6 ndani ya dakika moja, kisha kimya dakika moja, kisha tena milio 6. Hiyo ni ishara ya kuomba msaada. Anayesikia hujibu kwa milio 3. Usiku tochi inafanya kazi hiyohiyo: mimuliko 6. Endeleeni hata baada ya kujibiwa, maana anayewatafuta anafuata sauti.

Chakula na maji sitasema mengi. Kiwepo cha kutosha siku nzima na kidogo cha kubaki, kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja bila kupikwa, kiwe na sukari au wanga, na kisiwe kigumu kama jiwe kikipoa. Kutetemeka ni kazi ya misuli. Mwili usio na kitu tumboni hautetemeki kwa muda mrefu. Losheni ya jua pia, hata siku ya mawingu: miali inayounguza ngozi huongezeka asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000.

Sasa, kupanga. Mnaweza kuwa na kila nilichotaja na bado mkapata shida kwa sababu ya mpangilio. Hakuna shanta lisilopitisha maji, hata muuzaji aape. Na kile kifuniko cha nje upepo hukichukua. Wekeni mfuko mzito wa plastiki ndani, vitu vyote vikavu viingie humo, mdomo ukunjwe. Cha kusimamia, yaani jaketi na ule mfuko wa dharura, kikae juu, chini kidogo ya koti la mvua. Koti ndilo la juu kabisa, kila siku, hata jua likiwaka. Lazima uweze kulipata kwa mkono mmoja bila kutazama. Chakula cha mchana ndicho watu hukiweka juu. Chakula kinaweza kusubiri. Spika ya muziki, taulo, chupa za kioo, jinzi ya kubadilisha: haya mimi nayatoa bila huruma, na nafasi yake inatosha kabisa jaketi moja.

La mwisho linahusu kundi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hema lile lina uzito, kisanduku cha huduma ya kwanza kina uzito, na kila mmoja hudhani kakibeba mwingine. Mwingine naye anadhani vivyo hivyo, na juu kabisa mnagundua kwamba kila kitu kiko salama garini. Kwa hiyo majina yaandikwe. Nani ana hema, nani ana bandeji, nani ana ramani ya pili. Na hema lisibebwe na anayekwenda mbele kwa kasi. Libebwe na wa nyuma, maana shida hutokea nyuma na wa mbele wameshapotea kwenye ukungu. Kisha mtu mmoja aliyebaki nyumbani awe na njia yetu kwa maandishi, na saa ambayo akifika bila kutusikia atapiga simu kuomba waokoaji.

Mwenyekiti, naona dakika chache zimebaki, na niliwaombeni mje na mashanta yenu mkiwa mmeyafunga kama mtakavyokwenda nayo. Sogezeni viti ukutani. Tutaanza na safu ya mbele: simameni, fumbeni macho, mkono mmoja nyuma ya mgongo, na kila mmoja anitolee koti lake la mvua. Wa nyuma, hesabuni sekunde kwa sauti.